Mlipuko ukiingia, mahakama ifanye nini? Mwongozo kamili kwa hakimu na karani wa kituo

Kila mlipuko unapotangazwa, jambo lile lile hutokea katika vituo vya mahakama. Karani huchukua rejista, huandika tarehe moja ya miezi mitatu mbele kwenye kila faili, hubandika tangazo langoni na mlango hufungwa. Siku ya kufungua ikifika, rumande imefurika, mashahidi wamehama, na wapo watu wa makosa madogo waliokaa ndani muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangepatikana na hatia. Hayo tuliyaona 2020 wakati wa korona. Kipindupindu na mpox zimeshatuonyesha kwamba ile haikuwa mara ya mwisho.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mahakama za mahakimu nchini Kenya, hasa kituo kidogo chenye hakimu mmoja au wawili, intaneti inayoyumba na gereza lililo mbali. Ndugu zetu wa Tanzania wana kanuni zao za 2021 za kuendesha mashauri kwa mtandao, na Uganda ina maelekezo yake ya 2019. Sheria zitatofautiana, lakini mpangilio wa kazi utawafaa.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Vituo vingi huanza kwa kuuliza watumie programu gani. Swali hilo lije baadaye. Kwanza hakimu ajiulize ni nani ataumia zaidi tukichelewa, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua ratiba, vifaa na hata mahali pa kukalia.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Rejista ya kesi zote za jinai na za madai, na orodha tofauti ya kila mtu aliye rumande kwa amri ya mahakama yako.
- Katiba, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Kanuni za Mwenendo wa Madai, na Maelekezo ya Usimamizi wa Kesi kwa Njia ya Kielektroniki ya 2020. Ziwe na nakala za karatasi, maana stima ikipotea simu haitakusaidia.
- Namba za simu za mkuu wa gereza, OCS (mkuu) wa kila kituo cha polisi katika eneo lako, ofisi ya mashtaka, mawakili, afisa wa probesheni, afisa wa watoto, na afisa wa afya ya umma wa kaunti.
- Vifaa viwili vya mtandao, kimoja cha hakimu na kingine cha karani, pamoja na kipaza sauti cha nje. Kile kilichomo ndani ya kompyuta hakitoshi chumba kizima.
- Laini mbili za kampuni tofauti zenye bando. Moja ikianguka, nyingine isimame.
- Turubai, viti na kamba ya kupimia nafasi kati ya kiti na kiti.
- Maji, sabuni, na mtu mwenye jukumu la kuhakikisha ndoo haikauki.
- Daftari la hitilafu. Nitalieleza katika hatua ya 6. Usilidharau.

## Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kuahirisha

Usiahirishe faili hata moja kabla hujajua una faili gani. Keti na karani mtoe orodha ya kila mahabusu: jina, namba ya kesi, kosa, adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo, tarehe aliyoingia, masharti ya dhamana, na sababu ya kutotoka hadi leo.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Utakuta imeandikwa "hana mdhamini", "hana pesa", "ripoti ya probesheni haijaletwa". Pengine utakuta haina kitu kabisa, na huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza.

Kisha linganisha orodha yako na ya gereza. Mara nyingi hazifanani. Yupo mtu ambaye kesi yake imeondolewa lakini hati ya kumtoa haijafika, na yupo mwenye kesi mbili katika mahakama mbili aliyepewa dhamana kwa moja tu. Tofauti hizi hazionekani hadi majina yasomwe moja baada ya jingine kwa simu, karani huku na afisa wa magereza kule.

Onyo: Tarehe moja kwa faili zote ni hatari maradufu. Inawasahau walio ndani, na siku ikifika italeta umati ule ule mliokuwa mnauepuka.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi inayomwonyesha kila aliye ndani na kwa nini yumo.

## Hatua ya 2: Panga kesi kwa madhara ya kuchelewa

Hapa ndipo vituo vingi hukosea, kwa hiyo twende polepole. Kesi zisipangwe kwa umri wa faili wala kwa sauti ya wakili.

Zisizongoja hata siku moja. Mtu aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi. Ndivyo Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyosema, na hakuna mlipuko uliokifuta. Weka hapo pia maombi ya amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Watu wakiamriwa kukaa nyumbani, anayepigwa anafungiwa ndani na anayempiga. Ongeza watoto walio rumande na watoto wanaohitaji ulinzi. Ongeza mizozo ya mazishi: afisa wa afya anataka maiti izikwe haraka, familia mbili zinagombea mwili, na ombi likipangiwa wiki mbili mbele litakuta kaburi limeshafukiwa.

Walio ndani ilhali sheria haitaki wawe ndani. Kifungu cha 49(2) kinakataza kumweka rumande mtu ambaye adhabu ya kosa lake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kosa la kutovaa barakoa mwaka 2020 liliangukia hapo hapo: kanuni za afya ya umma ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumchukua mtu barabarani kwa kukosa barakoa na kumlaza katika seli iliyojaa watu ni kuusaidia ugonjwa. Hakimu akiona faili ya namna hiyo, asikubali ombi la kumzuilia hata kama kila mtu mahakamani amelizoea.

Waliopewa dhamana wakashindwa kuitimiza. Tuseme mtu ameshtakiwa kwa kuiba kuku watatu. Januari alipewa bondi ya shilingi 30,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho. Yeye ni kibarua wa soko. Mlipuko ukaja, soko likafungwa, na kaka yake aliyeahidi kumdhamini akakwama nje ya kizuizi, kama ilivyokuwa Aprili 2020 Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zilipofungwa. Masharti yaliyokuwa sawa Januari si sawa tena Aprili. Katiba inadai masharti yafaayo, na kinachofaa hupimwa kwa hali ya leo.

Hakimu asingoje wakili alete ombi. Aliyeshtakiwa kwa kuku watatu hana wakili. Iite faili mwenyewe, msikilize mwendesha mashtaka, kisha punguza kiasi au umwachilie kwa ahadi yake mwenyewe, ukichukua kitambulisho, namba mbili za simu na barua ya chifu. Andika sababu zako. Miongozo ya dhamana na bondi ya 2015 itakupa msingi.

Wanaotumikia vifungo vifupi. Hao huna mamlaka ya kuwatoa. Unachoweza ni kutuma orodha kwa Mahakama Kuu, ambayo ina uwezo wa kuzipitia upya hukumu zako. Ndivyo ilivyofanyika 2020, na maelfu ya wafungwa wa makosa madogo wakatoka. Kwa hukumu mpya, itumie Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998, inayokuruhusu kumpa mtu kazi ya umma badala ya jela pale adhabu isipozidi miaka mitatu.

Zinazoweza kusogea kwa karatasi. Kesi nyingi za madai ziko hapa. Mawakili walete hoja zao kwa maandishi, nawe uamue bila kumwita mtu. Katika Mahakama za Kadhi, mirathi isiyo na mabishano huenda hivyo vizuri. Matunzo ya watoto yasiwekwe hapa, kwa kuwa mtoto anakula leo.

Zinazongoja kweli. Zitakuwa chache kuliko ulivyodhani.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu yeyote, kwa sentensi moja, kwa nini kesi yake imewekwa ilipowekwa.

## Hatua ya 3: Kutana na wadau kwa saa moja

Itisha Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, kwa simu ikibidi. Hakimu hawezi kupanga peke yake, kwa sababu mahabusu analetwa na magereza, mshukiwa analetwa na polisi, na shahidi anatafutwa na mpelelezi.

Kubalianeni mambo matatu tu. Kwanza, polisi watoe dhamana ya kituoni kwa makosa madogo ili watu hao wasifike seli za mahakama. Hilo lilikuwa sehemu ya mpango wa Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki uliotangazwa tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona nchini. Pili, gereza litenge chumba na afisa mmoja wa kushughulikia kiungo cha video. Tatu, afisa wa afya aseme mapema mahabusu mpya anapimwa wapi na anakaa wapi akisubiri majibu.

Mpango ule wa 2020 ulikuwa wa *kupunguza* shughuli, na maombi ya dharura yaliendelea kupokelewa. Ukipata waraka kama huo siku za mbele, usome hadi mwisho kabla ya kufunga lango.

## Hatua ya 4: Gawa siku kwa saa

Mazoea ya kuwaita watu wote saa tatu asubuhi ndiyo yanayojaza kumbi zetu. Mtu husafiri kutoka kijijini alfajiri, hukaa kwenye benchi hadi saa nane, kisha huambiwa kesi imeahirishwa. Hata bila ugonjwa ule si utaratibu wa kumheshimu mwananchi. Wakati wa mlipuko unaweza kuua.

Gawa hivi, kwa mfano:

- Saa tatu hadi nne na nusu: waliokamatwa karibuni.
- Saa nne na nusu hadi sita: kutajwa kwa kesi za walio rumande (kupanga tarehe, bila mashahidi), kwa video.
- Saa sita hadi saba: maombi ya dharura.
- Saa nane hadi tisa na nusu: kesi moja yenye mashahidi. Moja tu.

Kukiwa na kafyu, hesabu pia muda wa mtu kufika kwake. Iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 ilishika saa moja jioni, na anayeishi mbali na barabara kuu alihitaji kuachiliwa mapema ili asikamatwe akitoka mahakamani.

Habari ya saa ifike kwa njia zaidi ya moja. Kundi la WhatsApp litawafikia mawakili, lakini mwenye kabambe, simu isiyo na intaneti, anahitaji kupigiwa au kuandikiwa ujumbe mfupi. Asiye na simu afikiwe kupitia chifu. Bandika orodha nje ya lango, iwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili mtu asome bila kuingia.

Utajua umefaulu ukichungulia uani saa tano na kukuta watu wa saa tano tu.

## Hatua ya 5: Toka nje

Kama ugonjwa unasambaa kwa hewa, ukumbi wenye madirisha madogo ni mahali pabaya pa kukaa kwa muda wa saa sita. Funga turubai uani au kalia chini ya mti. Kinachoifanya mahakama kuwa mahakama ni hakimu, kumbukumbu na mlango ulio wazi kwa umma, na vyote hivyo hubebeka.

Viti viachane mita moja unusu. Shahidi anayeongea aruhusiwe kushusha barakoa akiwa mbali, kwa sababu hakimu anahitaji kuuona uso na karani anahitaji kuyasikia maneno. Nyaraka ziwekwe mezani na aliyezileta arudi nyuma kabla ya mwingine kuzichukua. Kwa kipindupindu turubai halikuongezei kitu. Hapo kazi ni maji safi, choo na sabuni, kuanzia kwenye seli.

Onyo: Kesi za watoto na za ukatili wa kingono zisiletwe uani. Zibaki ndani, na watu wachache.

## Hatua ya 6: Unganisha gereza kwa video, na mshtakiwa asikike

Hatua hii inavunja watu moyo kuliko zote, na mara nyingi kosa si la intaneti. Ni kwamba mshtakiwa ameonyeshwa kwenye kioo sekunde ishirini, ameambiwa tarehe mpya, na hajui kilichotokea. Fuata mpangilio huu.

Nusu saa kabla. Karani ampigie afisa wa gereza na wajaribu sauti. Sauti ni muhimu kuliko picha. Picha ikikwama kesi ya kutajwa inaweza kuendelea, sauti ikikatika hakuna kesi. Kamera ya gerezani ikae mahali inapoonyesha chumba kizima, ili hakimu aone nani mwingine yupo.

Mtoe mtu wa karibu. Askari akisimama mabegani pa mshtakiwa, usimuulize kama amepigwa. Atasema hapana. Mwombe askari asogee hadi mlangoni, umwone kwenye kamera akiwa huko, ndipo uulize.

Maswali ya kufungulia. Yaulizwe kwa kila mtu, kila mara, kwa lugha anayoielewa:

1. Unanisikia vizuri? Rudia namba ya kesi yako.
2. Unaelewa lugha hii, au unataka mkalimani?
3. Uko na afya? Umepata dawa zako?
4. Umezungumza na wakili wako, kama unaye?
5. Kuna jambo lolote ungependa mahakama ijue leo?

Swali la kwanza linataka arudie kitu kwa sababu "ndiyo" pekee haithibitishi chochote. Swali la tano ndilo linalofichua mengi. Hapo ndipo mtu husema kwamba mama yake amefariki, kwamba ana kifua kikuu, au kwamba amepata mdhamini na hakuna aliyepokea simu yake.

Wakili na mteja wapate faragha. Kabla ya kikao, gereza limpe mshtakiwa simu na wakili wake bila mtu mwingine kusikiliza. Muda na nyenzo za kuandaa utetezi ni haki ya Kifungu cha 50, na haki ya kusikilizwa kwa haki imo kati ya zile chache ambazo Kifungu cha 25 hakiruhusu zipunguzwe kwa sababu yoyote.

Kukiri kosa kwa video. Nenda kwa uangalifu mkubwa. Utaratibu uliowekwa katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973 haujabadilika: mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, maelezo ya tukio yasomwe, apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza, ndipo apatikane na hatia. Kwa mtandao unaokatika, vipande vya maelezo hupotea bila mtu kujua. Kwa kosa zito, mlete mahakamani ana kwa ana, hata kama ni kwa gari moja lenye watu wawili. Kwa kosa dogo, soma maelezo sentensi kwa sentensi, ukisimama.

Daftari la hitilafu. Kila mara kiungo kinapokatika, karani aandike saa kilipokatika, saa kiliporudi, na neno la mwisho lililosikika. Kikirudi, hakimu alisome neno hilo na kuanzia hapo. Rufaa ikikatwa, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba mshtakiwa hakukosa kitu.

Umma usifungiwe nje. Kesi husikilizwa hadharani. Tangaza kiungo, au weka kioo uani ambapo jamaa wataona. Mama aliyekuja kumwona mwanawe asirudishwe kwa kuambiwa kesi iko kwenye simu.

Utajua umefaulu ukimuuliza mshtakiwa mwishoni "Kesi yako inarudi lini, na kufanya nini?" naye akajibu sawasawa.

## Hatua ya 7: Mashahidi

Si kila shahidi anafaa kwenye video. Daktari anayeeleza fomu yake ya P3 (ya uchunguzi wa majeraha), mtaalamu wa mwandiko, afisa wa benki anayetoa taarifa ya akaunti: hao wanafaa sana, na watakushukuru kwa kuwaepusha na safari. Shahidi wa kumtambua mhalifu hafai. Kumtambua mtu kwenye kioo, aliye peke yake amekalishwa kwenye kiti cha mahabusu, ni ushahidi dhaifu, na pengine utaharibu ule mzuri ulio nao.

Shahidi wa video asikae kituo cha polisi cha mpelelezi wa kesi hiyo. Mpeleke mahakama nyingine iliyo karibu naye, au ofisi ambayo karani wa huko atasimamia. Kabla ya kiapo, azungushe kamera aonyeshe chumba chote na mlango. Simu yake nyingine izimwe. Aseme wazi kama ana karatasi mbele yake na ni karatasi gani.

Nyaraka zote atakazoulizwa zitumwe siku mbili kabla, zikiwa na namba za kurasa, kwa pande zote. Kitu cha kushikwa mkononi, kama panga au simu iliyoibwa, kionekane ana kwa ana. Usikubali picha yake badala yake kwa sababu tu kuleta kitu chenyewe ni taabu.

Upande mmoja ukipinga video, andika pingamizi, sikiliza sababu, toa uamuzi mfupi. Usilipite kimya ukidhani unaokoa muda, kwa sababu utaulipia mbele ya jaji wa rufaa.

## Hatua ya 8: Karatasi, wito na ada

Kanuni za Mwenendo wa Madai, kwa marekebisho ya 2020, zinaruhusu wito kupelekwa kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, chini ya Agizo la 5, kanuni ya 22B na 22C. Aliyepeleka aapie hati ya kiapo, na aambatanishe uthibitisho kwamba ujumbe ulifika kwenye anwani au namba ambayo mhusika huitumia.

Kufungua kesi mtandaoni kulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na Machi 2024 mfumo ukaenezwa nchi nzima. Hilo limewasaidia mawakili. Mwananchi asiye na barua pepe bado anabaki nje, kwa hiyo weka karani mmoja kwenye meza langoni, mwenye kompyuta, wa kuwaingizia watu karatasi zao. Bila meza hiyo, mfumo wa kisasa unakuwa ukuta mbele ya mama anayedai matunzo.

## Hatua ya 9: Kutoa hukumu

Kwa madai, hukumu inaweza kutumwa kwa barua pepe wahusika wakikubali. Rekodi tarehe na saa ya kutuma, kwa sababu siku za rufaa huhesabiwa kuanzia hapo: 30 kwa madai, 14 kwa jinai. Mtu akipata nakala wiki tatu baadaye kwa uzembe wa ofisi, umemnyima rufaa bila kukusudia.

Kwa jinai, mshtakiwa awepo, kwa mwili au kwa video yenye sauti safi. Baada ya kusoma, mwambie mwenyewe kwa maneno mepesi kwamba ana siku 14 za kukata rufaa, na mwagize afisa wa gereza ampe karatasi na kalamu siku hiyo hiyo. Nakala ya hukumu ifike gerezani kabla ya jioni.

## Hatua ya 10: Linda walio ndani ya jengo

Wafanyakazi wagawanywe makundi mawili yasiyokutana, moja wiki hii na jingine wiki ijayo. Mmoja akiugua, kundi lake linakaa nyumbani na kazi haisimami. Karani mwenye umri mkubwa au kisukari apewe kazi za faili, si za langoni. Dereva wa basi la magereza na mfagiaji wa seli wahesabiwe pia. Wao ndio wanaosahaulika, na wao ndio wanaogusana na watu wengi zaidi.

## Hatua ya 11: Kagua kila Ijumaa

Kila Ijumaa alasiri, hakimu na karani warudi kwenye ile orodha ya hatua ya 1 na kuuliza:

- Nani yuko ndani bila tarehe ya kurudi?
- Nani alipewa dhamana wiki hii na hajatoka? Piga simu ujue kwa nini.
- Ni amri ngapi za ulinzi zimeombwa, na ipi haijasikilizwa?
- Daftari la hitilafu linasema nini? Kama kiungo cha gereza hukatika kila siku saa tano, kisogeze hadi saa tatu.
- Kuna jina lolote ambalo sisi tunalo na gereza halina, au kinyume chake?

Maambukizi yakipungua, usirudishe kila kitu siku moja. Anza na mashahidi wa kutambua wahalifu na mashahidi watoto, waliokuwa wakingoja kikao cha ana kwa ana. Kutajwa kwa kesi za rumande kwa video kunaweza kubaki, mradi kila mahabusu aletwe mahakamani kwa mwili angalau mara moja kwa mwezi hakimu amwone. Ratiba ya saa ibaki hivyo hivyo.